Jirani anajua nyumba yangu niliinunua kwa bei gani. Na ajue.

Mzee wa nyumba ya pili alinisimamisha kwenye uzio, akanikaribisha mtaani, akausifia mlango nilioupaka rangi, kisha akaniambia nimebahatika kununua kwa bei nafuu kuliko wale wa kona. Bei yenyewe akaitaja, haikupungua wala kuzidi hata pauni moja. Nilirudi ndani damu inachemka. Bei hiyo hata mama yangu mzazi nilimtajia kwa kukadiria tu. Nikamgeukia mke wangu, naye akaapa hajafungua mdomo kwa mtu.

Kumbe hakuna aliyesema. Hapa England, ofisi ya usajili wa ardhi, HM Land Registry, kila mwezi hutangaza bei za nyumba zilizouzwa, bure, na yeyote anasoma. Akitaka zaidi analipa pauni 7 kwenye mtandao, anafunguliwa ukurasa wa nyumba hiyo: jina la mmiliki, bei aliyonunulia, benki inayomdai, jirani mwenye haki ya kupita uani, na kwa ada nyingine kama hiyo anapata ramani yenye mstari mwekundu kuzunguka eneo. Haulizwi kwa nini anatafuta. Hahitaji kumjua mtu wa ndani.

Hasira ile ikaniisha, ikaja nyingine, na hii ya pili ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Mzee wa watu anajua mwenye kila nyumba ya mtaa wake bila kutoka sebuleni, na wakati huohuo dada yangu yuko Dar es Salaam anafuatilia faili la kiwanja changu.

Kiwanja kiko nje kidogo ya jiji, kimepimwa, kina bikoni, zile alama za mpaka zilizopandwa ardhini, kina hati. Si vile vya kumegewa shambani, mpaka huu mwembe na ule mkorosho. Nilinunua kama tulivyofundwa kununua. Mwenyekiti wa mtaa aliulizwa, majirani wakaulizwa, wakili akapekua, mke wa muuzaji akaridhia kwa maandishi, mkataba ukasainiwa mbele ya mashahidi. Yaliyofuata mnayajua, sitawachosha. Mthamini. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa sheria ni ya muuzaji na kwa mazoea humwangukia mnunuzi. Ushuru wa stempu. Pango la ardhi la miaka ambayo muuzaji hakulipa. Kontrol namba, ile namba ya kulipia serikali, juu ya kontrol namba. Na ile asilimia kumi ya bei inayokwenda ofisi ya mtaa, ambayo sijawahi kuonyeshwa sheria yake na bado inadaiwa kwa uso mkavu. Tukalipa kinacholipika, risiti tunazo. Halafu faili halionekani. Leo liko kwa mkubwa, kesho mtandao umekata, wiki ijayo anayelishughulikia yuko semina. Dada anaomba ruhusa kazini, anapanda daladala, anakaa kwenye benchi na hati ya uwakilishi mkononi, na anayemjibu ni kijana wa kumzaa ambaye hamwangalii usoni.

Na kabla hamjaanza: dada yangu hakula hela yangu. Najua ndiyo hadithi mliyoizoea kuhusu ndugu na pesa za walioko nje. Huyu ametembea kwa niaba yangu mpaka soli zimeisha, na kila shilingi imeandikwa kwenye daftari la shule la mwanawe. Heshima yake sitaki iguswe.

Sasa nasikia kule nyuma mtu anasema, haya, kaanza kuringa, kupanda ndege kumempanda kichwani. Sikilizeni. Sisemi huku ni peponi. Usajili wa huku nao unachelewa, tena sana. Mtu akinunua nyumba mpya iliyokatwa kutoka kwenye eneo kubwa, anaweza kusubiri zaidi ya mwaka jina lake liingie. Ya kwangu ilikaa foleni miezi. Kodi pia ipo: usipowasilisha fomu za ushuru wa stempu na kupata cheti chake, hakuna atakayekusajili, na mawakili wanatoza mpaka unahisi kizunguzungu. Kwa hiyo anayedhani nalinganisha haraka na polepole, hajanielewa.

Ninacholinganisha ni usingizi. Maombi yangu yalipokuwa yanangoja foleni, sikuwa na wasiwasi, kwa sababu yakishakubaliwa huhesabiwa tangu siku yalipopokelewa. Kabla hata ya kulipa, wakili wangu aliomba upekuzi rasmi wa daftari, na upekuzi huo ukanikingia nafasi kwa siku 30 za kazi, asipite mwingine katikati na kusajili lake. Na hati ya karatasi hakuna. Tangu Oktoba 2003 hawaitoi tena. Kilichopo ni daftari la serikali, na lililoandikwa humo ndilo lenye nguvu. Nyumba yangu ikiungua na kila karatasi iliyomo, umiliki wangu hauguswi. Mama yangu amefunga hati ya nyumba ya marehemu baba ndani ya nailoni mbili, ikawekwa chini kabisa ya sanduku la nguo, na mvua kubwa ikinyesha kitu cha kwanza anachonyanyua ni lile sanduku. Jina lililomo bado ni la baba. Mirathi ilifunguliwa, msimamizi akateuliwa, ila safari ya kubadilisha jina ilimchosha kila aliyeianza.

Na niseme la fahari, kwa sababu lipo. Ramani za huku zinaonyesha mpaka kwa ujumla tu. Sheria yao yenyewe inasema ule mstari mwekundu si mpaka kamili, na majirani hufikishana mahakamani kwa upana wa ubao wa uzio. Kiwanja changu cha nyumbani kina bikoni nne, kila moja na vipimo vyake, na mpima wetu anaweza kurudi baada ya miaka thelathini akazifukua palepale. Wapima wetu ni hodari, na nimewaambia wenzangu wa kazini hivyohivyo. Tatizo letu halijawahi kuwa akili. Tunapima kwa usahihi kuliko Mwingereza, kisha matokeo tunayafungia kabatini.

Matokeo ya kabati hilo yamejaa kwenye kuta zetu. Piteni barabara yoyote ya viunga vya jiji mhesabu maandishi ya rangi nyekundu: kiwanja hiki hakiuzwi, nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli. Ukuta ndio umekuwa daftari letu la wazi. Mwananchi amekata tamaa ya kuuliza ofisini, akaamua kumtangazia kila mpita njia kwa brashi. Na tapeli anapaka chokaa juu yake usiku mmoja, asubuhi anamleta mteja.

Mwanasheria ataniambia kwamba hata kwetu upekuzi upo, unalipia, unapewa majibu. Ni kweli, wakili wangu aliufanya. Lakini upekuzi huo unamfaa mwenye namba ya hati na mwenye wakili wa kuufuata. Mama ntilie aliyedunduliza kwenye kikoba na kuonyeshwa kiwanja na dalali Jumamosi, akiambiwa kuna mwingine anakuja na pesa jioni, huo upekuzi wake uko wapi? Yeye anachoweza ni kumuuliza mjumbe. Na mjumbe ana asilimia yake.

Mwingine atasema ardhi yetu haifanani na yao, kwetu hakuna anayemiliki moja kwa moja, tunapewa haki ya kukaa kwa miaka 33, 66 au 99. Ndiyo, na nyumba nyingi za ghorofa za huku nazo ni za kupangishwa kwa miaka 99 au 125, na zinasajiliwa vilevile. Ila hoja hii inanipa nguvu kuliko inavyonipunguzia. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Sasa mdhamini akikutunzia mali yako, si unayo haki ya kuona ameigawa kwa nani? Ingekuwa ardhi ni ya mtu binafsi kabisa ningeelewa kidogo mtu akisema hayakuhusu. Lakini hii ni yangu, yako, na ya yule mama wa kikoba. Daftari lake lingepaswa kuwa wazi kuliko la Waingereza.

Msiniambie pia huo ni uzungu. Nendeni kijijini. Kijiji kikitaka kumgawia mtu eneo, halmashauri ya kijiji inapeleka jambo mbele ya mkutano mkuu, watu wanasikia jina, wanajua mpaka unaanzia mto gani, na mwenye pingamizi anasimama. Hati ya haki miliki ya kimila inaandikwa kwenye masjala ya kijiji. Babu yangu alijua shamba la kila mtu mpaka ng'ambo ya bonde, na hakuna aliyemwona mmbea. Usiri huu tumeupata mjini, tukauita ustaarabu.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la husuda, kwa sababu linatoka kwa watu ninaowapenda. Unataka watu wajue mali zetu? Ndugu waje kukopa, wabaya waturoge, majambazi wajue pa kuja? Naielewa hofu hiyo, nimekulia ndani yake. Ndiyo iliyonirudisha ndani siku ile na uso uliokunjamana. Lakini tazameni usiri umemlinda nani. Mjane umemlinda? Shemeji zake wanauza nyumba kwa karatasi ya mtaa naye anasikia siku tingatinga linapofika. Sisi tulio mbali umetulinda? Wanaolala vizuri chini ya usiri huo ni muuzaji anayeuza kiwanja kimoja kwa watu watatu, na mkubwa mwenye viwanja kumi na vitano kwenye majina ya watoto wa shule ya msingi. Wao ndio wangekosa usingizi daftari likifunguliwa. Jirani akijua bei yangu sijapungukiwa na kitu.

Mtanikumbusha kwamba huku nako kuna matapeli. Wapo. Mwaka 2021 mtu mmoja alirudi nyumbani kwake Luton akakuta nyumba imeuzwa, vitu vimetolewa na mafundi wamo ndani, kwa sababu mwizi alijifanya yeye. Nchi nzima ilisikia. Lakini sheria yao inasema aliyeumia kwa kosa la daftari hulipwa fidia na ofisi ya usajili yenyewe. Na ipo huduma ya bure ambayo unaandikisha hadi nyumba kumi, si lazima ziwe zako, na maombi fulani yakiletwa juu ya mojawapo unapata barua pepe. Watu wanaandikisha nyumba za wazazi wao wazee. Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Ningetoa mshahara mzima ili ujumbe wa namna hiyo uweze kuja kwenye simu yangu siku mtu anapoigusa nyumba ya mama.

Halafu kuna wale wa kusema wenzetu wameanza zamani, nasi tupewe muda wetu. Haya, tuangalie miaka. Ofisi yao ilianzishwa 1862. Kusajili kila nyumba inayouzwa England na Wales nzima kulikuwa lazima tangu Desemba 1990 tu. Na hadi mwezi huohuo wa mwaka huo daftari lao lilikuwa limefungwa. Bila ruhusa ya mwenye nyumba hukuliona. Nimelirudia hili kichwani mara nyingi. Walikuwa na pesa, walikuwa na ofisi kwa zaidi ya karne, na bado lilikuwa siri. Siku walipolifungua hawakuwa wametajirika ghafla. Bunge lao lilikuwa limeamua. Sisi ambao mama muuza samaki analipa serikali kwa simu akiwa ndani ya daladala, tunangoja utajiri gani?

Wizara ya Ardhi sasa ina mfumo wa mtandaoni wa e-Ardhi na naufurahia kwa dhati. Swali langu kwa mfumo huo na utakaokuja baadaye ni moja: mtu baki, asiye mmiliki wala wakili, akiingiza namba ya kitalu na kiwanja, anaona nini? Namtakia aone jina, kama kuna mkopo, kama kuna zuio la mahakama, na tarehe ya mwisho mabadiliko yalipofanyika. Alipe elfu chache kwa kontrol namba, simu iite, ajibiwe. Anayesema tungoje nchi nzima ipimwe kwanza anieleze viwanja vilivyokwisha kupimwa na kupewa hati vinangoja nini. Waanze na hivyo. Waanze na changu, faili likionekana.

Na yule wa mwisho, ambaye kila mara yupo: kama unaona rahisi, rudi uje ufanye mwenyewe. Kurudi nitarudi, kiwanja sikukinunua kwa mapambo. Pasi yangu ni ya Tanzania mpaka leo, na nilipokuwa nanunua nilijua kwamba nikiiacha naiacha na ardhi, maana uraia pacha hatuna na asiye raia hakumilikishwa ila kwa uwekezaji. Wenzangu huku wamechukua ya Uingereza, wanapita viwanja vya ndege bila kuulizwa, mimi najaza fomu za viza. Nimechagua. Kwa hiyo msiniambie sina haki ya kuuliza nani anamiliki nini katika nchi yangu. Nauliza nikiwa huku, na nitauliza nikiwa kwenye lile benchi kando ya dada.