Newton Alikosea kwa Kiasi Gani?

Mjadala wa sayansi ukizuka miongoni mwa wanafunzi wa vyuo hapa Nairobi, hachelewi mtu kusema: hizo ni nadharia tu, kesho zitabadilika. Kauli hiyo ina uzito. Katika karne ya 19 wanafizikia mahiri waliamini kwamba mwanga husafiri ndani ya etha, kitu kisichoonekana kilichodhaniwa kujaa kote angani; leo etha imetupwa. Mwaka 1981 mwanafalsafa Larry Laudan aliorodhesha nadharia nyingi za aina hiyo, zilizofanikiwa kisha zikaachwa, na orodha yake bado inawasumbua watetezi wa sayansi.

Ila wanaoishika hoja hii ni nadra kuuliza kosa lilikuwa kubwa kiasi gani. Tazama Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Njia yake ni duaradufu, na duaradufu yenyewe hugeuka polepole. Mwaka 1859 Urbain Le Verrier alionyesha kwamba kanuni ya mvuto ya Newton haielezi mgeuko huo wote. Kwa vipimo vya sasa, pengo ni sekunde 43 za pembe kwa karne. Digrii moja ina sekunde 3,600. Yaani kanuni iliyochapishwa mwaka 1687 ingechukua zaidi ya miaka 8,300 kupotoka kwa digrii moja, tena kwenye sayari inayoisumbua kuliko zote! Einstein alizipata sekunde hizo mwaka 1915 kwa nadharia yake mpya ya mvuto.

Wapinzani watasema picha nzima ilivunjika: palipokuwa na nguvu ya kuvuta, sasa kuna mpindo wa nafasi na wakati. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yao ina nguvu zaidi. Lakini mvuto ukiwa dhaifu na mwendo ukiwa wa taratibu, milinganyo ya Einstein inaturudisha kwa Newton. Uongo mtupu hauwezi kurithiwa hivyo.

Dereva wa teksi anayefuata ramani ya simu kutoka Kasarani hadi Kilimani anaitegemea tofauti hiyo ndogo kati ya Newton na Einstein. Saa za setilaiti za GPS huzitangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 (sehemu za milioni za sekunde) kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyotabiri. Bila marekebisho, makosa ya mahali yangeongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku.

Einstein naye hajafika mwisho, kwa kuwa nadharia yake haijapatanishwa na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno. Huenda ikaja nyingine yenye picha ngeni kabisa, lakini yeyote atakayeileta atadaiwa kwanza majibu haya ambayo tayari tunayo.