Msinialike kwenye sherehe ya Happy Valley

Mwaliko ulinifikia kwa WhatsApp, umepambwa maua na herufi za dhahabu. Rafiki yangu na mumewe wanasherehekea ndoa yao katika hoteli moja kubwa hapa Nairobi, na wameupa usiku huo jina: Happy Valley, kama lile kundi la walowezi wa Kizungu wa enzi za ukoloni waliosifika kwa anasa na kubadilishana wapenzi. Wanawake tuvae lulu na glavu ndefu, wanaume suti nyeupe na zile kofia ngumu za mabwana shauri. Hadi hapo ningenuna kidogo kisha nikaenda. Mstari wa mwisho ndio ulionishinda: wahudumu watavaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, "kama enzi zile".

Nilimpigia nikamwambia siji, na sababu nikampa. Akanijibu kwa upole, "Dada, ni mavazi tu. Wale watu walikuwa wanapendana, basi." Tangu siku hiyo jibu lake halijanitoka kichwani, maana sidhani ni lake peke yake. Ndivyo mji mzima tulivyokubali kuisimulia Nairobi ya hoteli kubwa: nani alilala na nani, nani alimwacha nani, nani alipigwa risasi kwa wivu.

Na hadithi zenyewe ni tamu, sitakataa. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, Nairobi ikiwa bado mabati na matope kando ya reli, na haikuchukua muda watu wakaiita nyumba ya malodi kwa jinsi ilivyojaa wenye vyeo vya Uingereza. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipitia hapo mwaka 1909 akienda kuwinda. Wiki ya mashindano ya farasi ilipofika, walowezi waliteremka kutoka Naivasha, Gilgil na bonde la Wanjohi, wakajaa Norfolk na Muthaiga Club, na waume na wake wakabadilishana. Alice de Janzé, mmoja wa kundi hilo la Happy Valley, alimpiga mpenzi wake risasi katika stesheni ya treni ya Paris mwaka 1927, akajipiga na yeye, wote wawili wakapona, na mwaka 1932 wakaoana. Lodi Erroll, mwingine wa kundi hilo, aliuawa kwenye gari lake huko mtaa wa Karen usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, akiwa na uhusiano na Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton. Broughton akashtakiwa, akaachiliwa, na mwaka uliofuata akajiua katika hoteli huko Liverpool. Diana akaolewa tena, na tena, akaishia kuwa Lady Delamere. Kesi hiyo nimeisoma hadi usiku wa manane, na nikiipata tena nitaisoma.

Lakini maiti ya Erroll iligunduliwa na nani? Wafanyakazi wawili Waafrika waliokuwa wakipeleka maziwa kwa lori kabla ya alfajiri. Walisimama gizani mbele ya gari lililotumbukia mtaroni, ndani kuna Mzungu mwenye cheo kikubwa na tundu la risasi kichwani, na ilikuwa lazima waamue la kufanya. Hebu fikiria hofu ile. Mwafrika wa mwaka 1941, barabarani usiku, karibu na maiti ya lodi. Hapo ndipo mimi ningeanzia kesi hii. Wasimulizi huwapa nusu sentensi wakarudi kwa Diana.

Linaloniuma kuliko yote ni la Kamau. Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani, alikuwa mpenzi wa Karen Blixen, mwandishi wa Kidenishi, kisha Beryl Markham, rubani, naye akaingia. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo iliruka kutoka Voi, ikaanguka papo hapo na kuwaka moto. Kaburi lake liko Ngong, lina mnara, watalii hupandishwa huko, wapenzi hupiga picha. Kila msimulizi atakwambia Beryl nusura apande ndege ile. Atakwambia Karen alivyopokea habari, na alivyochagua mahali pa kuzika. Na ndani ya ndege ile alikuwemo Kamau, mtumishi wa Denys, Mkikuyu. Alikufa katika ajali ile ile, kwa moto ule ule.

Kamau wa nani? Alikuwa na mke? Mama yake aliambiwa na nani, na aliambiwa nini? Huzuni ya Karen tumeipa vitabu na watalii, na mtaa mzima unaitwa Karen. Kamau tumemwachia jina moja, linalopita haraka kama mzigo uliokuwa ndani ya ndege. Ukiisimulia ajali ya Voi kama hadithi ya mapenzi ya watu watatu, umesema uongo, hata kama kila tarehe uliyoitaja ni sahihi. Na Kamau ni mmoja tu ambaye angalau jina lilibaki. Waliotandika vitanda vile, waliobeba barua za siri kutoka chumba hadi chumba, waliosimama nyuma ya kiti na chupa mkononi huku wageni wakisema mambo yao yote kana kwamba hakuna mtu, hao hatuna hata jina moja.

Ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya shangazi yangu. Alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli kubwa, siyo Norfolk, hadi mgongo ulipomshinda. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja shuka pembeni mwa godoro mpaka ikakaza, na kuipapasa foronya kabla ya kuivua, maana wageni husahau vitu humo. Alijua chumba kilichoandikishwa mtu mmoja kikiwa na miswaki miwili. Alijua ndoa ipi imevunjika kabla wenyewe hawajaambiana. Siku moja mke wa mgeni alikuja ghafla kutoka nyumbani akakuta hereni kitandani. Mume akasema ni za mfanyakazi wa usafi, bila shaka zimemdondoka akitandika. Shangazi hakuwahi kuwa na hereni za dhahabu maishani. Alisimamishwa kazi bila mshahara, na aliporudishwa alitakiwa aombe radhi kwa maandishi. Yule mgeni aliendelea kuja, kwa chumba kile kile, na shangazi akaendelea kumtandikia.

Ndiyo maana siwezi kusikia kwamba yalikuwa mapenzi tu. Mapenzi ya hotelini yana bili, na mara nyingi anayeilipa hakulala chumbani.

Sasa Norfolk yenyewe. Anwani ya hoteli ile leo ni Harry Thuku Road. Ni wangapi kati yetu wanaokunywa chai pale wanaojua kwa nini? Thuku alikuwa opareta wa simu serikalini, kijana aliyethubutu kusema hadharani kuhusu kipande, kile kitambulisho cha lazima ambacho wanaume wetu walivishwa shingoni, kuhusu kodi, kuhusu wanawake na wasichana waliokamatwa wakafanye kazi kwa nguvu kwenye mashamba ya walowezi. Akakamatwa tarehe 14 Machi 1922. Tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika nje ya kituo cha polisi, ng'ambo ya Norfolk, wakidai aachiliwe. Wajumbe wakatoka kuwasihi warudi makwao, na baadhi wakaanza kuondoka. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru akasimama, akapandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe yeye suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukuma mbele, polisi wakafyatua.

Na polisi hawakufyatua peke yao. Wazungu waliokuwa wamekaa kwenye veranda ya Norfolk nao walipiga risasi ule umati. Veranda ile ile! Ile ya picha za zamani, ile ya malodi na bilauri zao, ile iliyokuja kubeba jina la Lodi Delamere, kiongozi wa walowezi. Serikali ilikiri watu 21 walikufa. Waliokuwepo walihesabu zaidi sana. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku alipelekwa Kismayu bila kesi, akakaa kizuizini zaidi ya miaka minane.

Siku ile ndani ya hoteli mlikuwa na wapishi, madobi, na wanaume wazima wenye kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu waliobeba sinia kuelekea verandani. Waliwajua watu waliokuwa pale nje. Pengine dada zao walikuwa pale. Na bunduki zilipokuwa zikilia, wao walikuwa wamesimama nyuma ya waliozishika. Nguo hiyo ndiyo mnataka kumvisha kijana kutoka Kayole usiku wa Jumamosi, ili picha zitoke vizuri.

Rafiki yangu aliniuliza kama nataka hoteli zifungwe na wapenzi wasioane humo. Hapana. Wafanyakazi wa Norfolk wa leo hawakumpiga mtu risasi, na hoteli yenyewe iliwahi kupatwa na msiba, pale bomu lilipolipuka usiku wa kuamkia mwaka mpya, 31 Desemba 1980. Mtu akitaka kufanya harusi pale, afanye, Mungu amjalie. Ninachokataa ni kuichagua miaka ile kama pambo, kuchukua lulu na kuacha kipande, kisha kuniambia ni mavazi tu.

Ng'ambo ya barabara, likitazamana na hoteli ile, lipo jumba la Kenya National Theatre. Kila ninapopita hapo naona mchezo ambao ungepaswa kuwa jukwaani kila Machi: wageni wa Norfolk na mahaba yao yote, sawa, Alice na bastola yake, Denys na ndege yake, lakini wakisimuliwa na mtandika vitanda, dobi, na mke wa Kamau. Waandishi vijana mnaolalamika hamna visa vya kuandika, kisa ni hicho, na jukwaa linaitazama veranda.

Wengi wa wahudumu hao waliishi Pumwani na Pangani ya zamani, na wajukuu wao bado wako mjini humu. Baadhi yenu mnasoma hapa. Kama babu yako alipika, alifua au alihudumia meza Norfolk, Stanley au Muthaiga, kaa na mzee yeyote aliyebaki katika ukoo umuulize alikuwa akisimulia nini. Muulize jina kamili la babu, siyo lile aliloitwa jikoni. Muulize babu alikuwa wapi tarehe 16 Machi 1922 kama alikuwa ameshazaliwa, na kama hakuwa, muulize babu aliambiwa nini na baba yake. Andika kwa lugha yoyote uliyo nayo, niletee, nami nitayachapisha hapa kwa majina yao.