Kura isiyofika Arusha

Kila wataalamu wa katiba ya shirikisho la Afrika Mashariki wanapopita kukusanya maoni, lawama huwaangukia vijana: hawaijui Jumuiya ya Afrika Mashariki, hawaijali, wapo kwenye simu tu. Mbona huko huko kwenye simu ndiko Afrika Mashariki yao ilipo? Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Muswada wa Fedha. Julai wenzao wa Kampala wakajaribu kuandamana hadi bungeni kupinga ufisadi. Na Mei 2025, mwanasiasa wa Kenya Martha Karua aliporudishwa kutoka Dar es Salaam alikokwenda kufuatilia kesi ya mpinzani wa Tanzania Tundu Lissu, habari hiyo ilijadiliwa pande zote mbili za mpaka.

Wanaotetea shirikisho wana hoja nzito. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho tu, na soko la watu zaidi ya milioni 300 si la kubezwa na kijana anayetafuta kazi.

Lakini tazama Bunge lenyewe la Jumuiya, EALA, lenye makao yake Arusha. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya kinaipa kila nchi mwanachama wabunge tisa, na wanaowachagua ni wabunge wa nchi husika. Katika hao milioni 300, mwananchi wa kawaida hajawahi kumpigia kura mbunge wa EALA hata mmoja. Na muswada ukishapita Arusha unasubiri saini za marais wote. Ukirudishwa bungeni, kisha ukapelekwa tena na rais mmoja akaukataa, umekufa. Mwaka 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia wabunge wa Kenya katika EALA kuapishwa, na Machi 2007 ikasema walipatikana bila uchaguzi unaotakiwa na Mkataba. Marais hawakungoja hukumu: Desemba 2006 walikuwa wameshaurekebisha Mkataba, wakabana muda wa mwananchi kufungua shauri katika mahakama hiyo uwe miezi miwili. Kijana anayeshuku shirikisho kwa historia hiyo mnamwita mjinga?

Mwaka 2007 karibu robo tatu ya Watanzania waliohojiwa walikataa kuharakisha shirikisho. Wengi wao waliliunga mkono shirikisho lenyewe, ila sehemu hiyo ilisahaulika haraka.

Mtu atasema kura ya moja kwa moja si dawa, na Ulaya inampa ushahidi: Bunge lao lilianza kuchaguliwa na wananchi 1979 kwa mahudhurio ya takriban asilimia 62, na kufikia 2014 yalikuwa chini ya 43. Ni kweli. Ila kijana wa Lyon, Ufaransa, aliyebaki nyumbani siku hiyo alikuwa na kura ya kususia. Wa Mwanza au Eldoret hana hata hiyo, na kumpa si kazi kubwa: Kifungu cha 50 kirekebishwe, na siku ya uchaguzi mkuu iongezwe karatasi moja ya kura.