Nionyesheni Mahali pa Kulala Chini

Ramani ilibandikwa ukutani kwa selotepu, nasi wakazi tukasogea kuitazama. Kituo cha mafunzo ya kukabiliana na maafa, cha kata yetu hapa Dar es Salaam. Ukumbi wa viti 200. Jukwaa. Chumba cha wageni wa heshima. Ofisi mbili. Maegesho ya kutandikwa vitofali. Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono: "Ndugu Mwenyekiti, humu mtu analala wapi?" Wakacheka, wakadhani naulizia bweni.

Sikuwa natania. Huwezi kumfundisha mtu kukandamiza kifua cha aliyezimia akiwa amekaa kwenye kiti. Panatakiwa sanamu sakafuni, mwanafunzi amepiga magoti ubavuni, mwenzake anasubiri zamu, na mkufunzi anapita katikati akirekebisha mikono. Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya ajenda: kila wawili wanahitaji kama mita mbili kwa tatu. Ukumbi ulichorwa mita 12 kwa 18, yaani mita za mraba 216. Kwa viti, watu 200 wanaenea. Kwa magoti, ukitoa njia za kupita, ni watu 50 tu. Sasa tuambiane ukweli: tunajenga mahali pa kujifunza au pa kusikilizia mgeni rasmi?

Nauliza kwa sababu hapa kwetu anayefika kwanza ni jirani. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, Novemba 6, 2022, wavuvi ndio waliotangulia na mitumbwi yao. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, watu waliokuwa sokoni walianza kufukua kwa mikono. Moyo tunao, tena wa kuwauzia wengine. Ila moyo bila mazoezi unaweza kukupeleka pabaya. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikimbilia na madumu, na moto ukaua zaidi ya 100.

Msamvu ndiyo inayonifanya nililie uwanja kuliko ukumbi. Kinachowaka si petroli yenyewe bali mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji hadi ukutane na cheche. Ukimwambia kijana wa bodaboda maneno hayo atakuitikia kwa adabu na kusahau kabla hajafika kijiweni. Mwonyeshe kwa vitone vichache juu ya bati lililoinamishwa, mshumaa ukiwa kule chini mwisho, mkufunzi wa zimamoto akisimamia: mwali utapanda bati kurudi juu mbele ya macho yake. Hilo halifanyiki chini ya dari ya jipsamu. Linataka eneo la wazi lenye mchanga, mbali na ukuta wa jirani, ambapo mkufunzi anaweza kuwapanga watu upande unaotoka upepo. Hapohapo mama lishe wangejifunza kufunika jiko la gesi linalowaka kwa kitambaa kibichi, na kila mmoja angeshika mtungi wa kuzimia moto, auchomoe pini mwenyewe. Vile vitofali vya maegesho vinaweza kusubiri.

Halafu kiwanja. Kinachopendekezwa kiko bondeni, si mbali na mto, na sifa yake kubwa ni kwamba ni cha bure. Mjini hapa kiwanja cha bure huwa na sababu. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, na tumeiona ikigeuka bwawa mara ngapi? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Siku maji yatakapokuja tena, kituo hiki ndicho watu watakachokikimbilia, kwa hiyo lazima kiwe juu.

Na wakikimbilia, wangapi watalala? Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema mita za mraba 3.5 kwa kila mtu chini ya paa. Ukumbi wetu basi ni wa watu 61. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1,000 linakauka kesho yake. Choo kimoja kwa watu 20. Ramani ina vyoo viwili, na kimoja kiko ndani ya chumba cha wageni wa heshima.

Milango nayo isisahauliwe. Machela ina urefu wa kama mita mbili, na wanaoibeba nao wana miili. Korido waliyochora ina kona ambayo hata kabati halipiti.

Kuna wenzangu wanataka kituo kisiguswe na sherehe. Hapo sikubaliani nao. Kikodishwe kwa harusi na kitchen party, fedha ilipe umeme na kujaza mitungi, kwani jengo linalofunguliwa mara moja kwa mwaka hukaliwa na popo. Ila jukwaa la zege litoke. Maharusi watawekewa la mbao, likunjwe Jumapili.

Jambo la mwisho nililosema liliwaudhi baadhi: ufunguo wa stoo. Miaka kadhaa nyuma moto ulishika nyumba ya mtaa wa pili. Tulikuwa na sanduku la huduma ya kwanza na ndoo za mchanga, vyote vimefungiwa ofisini. Mwenye ufunguo alikuwa msibani Kibaha. Tulivunja kufuli kwa tofali, na kufuli lile lilikuwa imara kuliko tulivyodhani. Nikaomba ufunguo ushikwe na majirani watatu wanaolala hatua chache kutoka getini, majina yao yaandikwe mlangoni pamoja na namba 114 ya zimamoto.

Wiki iliyopita ramani ilirudi. Korido imenyooshwa, vyoo vimekuwa vinne, na uwanja wa mchanga umepata nusu ya maegesho. Jukwaa bado lipo. La ufunguo, Mwenyekiti amesema litajadiliwa siku ya uzinduzi.