Bosi Alipomsifu Mke wa Mgeni

Bosi wetu haamini kuwa mtu anajua Kiingereza mpaka amsikie akimwaga misemo. Sarufi kwake ni mambo ya watoto wa shule. Basi tuliposikia wageni wanakuja kutoka Uingereza, bwana mmoja na mkewe, Mzee akajifungia ofisini na kijitabu chake, akafungua sura inayohusu mwonekano wa watu, akaikariri yote.

Sasa sura ile ina mitego. Waingereza hawa wanaosifika kwa adabu, wakifika kwenye sura ya mtu hawana simile. Ukiamka hovyohovyo, wewe ni "something the cat dragged in", kitu alichokiburuta paka. Ukiwa na homa unaambiwa "death warmed up", yaani kifo kilichopashwa moto. Hata sifa zao zina miiba.

Asubuhi ile mgeni alinikuta stoo, vumbi hadi kwenye kope. Jioni kwenye tafrija akaniona nimepiga suti na tai, akanishika mkono: "You scrub up well!" Kwa Mwingereza hiyo ni sifa: ukishaoga na kuvaa, unapendeza kweli. (Inasema pia kwamba kabla ya hapo ulikuwa kituko, lakini tuyaache hayo.) Mzee, aliyekuwa pembeni, alidaka neno moja tu, lile la kusugua. Akaninong'oneza: "Kijana wangu, kumbe una kipaji na unatuficha! Mgeni anasema unasugua vizuri. Hebu nenda jikoni, masufuria yamewashinda wenzako."

Utabishana na bosi mbele ya wageni? Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikapewa dodoki na sufuria lenye masizi ya miaka. Povu likapanda hadi kwenye tai. Nikawa nachungulia tafrija kupitia kidirisha cha kupitishia sahani.

Mzee akasimama kuhutubia. Akamnyooshea mgeni kidole, saa yake ya dhahabu ikimeremeta, akatamka kwa madaha: "All that glitters is not gold!" Vyote ving'aavyo si dhahabu, anaambiwa mgeni rasmi! Msemo wenyewe umepata umaarufu kwa tamthilia ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Humo mwanamfalme wa Moroko anaanza kwa kuomba asichukiwe kwa rangi ya ngozi yake, kisha, akitakiwa kuchagua kasha moja kati ya matatu ili apate mchumba, yeye mwenyewe anachagua moja kwa kuwa ni la dhahabu. Analifungua, anakuta fuvu na msemo huohuo. Nilidhani hakuna mtu anayeweza kujimaliza upesi kuliko huyo, mpaka Mzee alipomgeukia mke wa mgeni.

Mama wa makamo, kavaa gauni jekundu, kapendeza. "And you, madam," Mzee akasema, mkono kifuani, "tonight you are mutton dressed as lamb!"

Namtetea kidogo. Msemo una kondoo, una mwanakondoo, una na mavazi. Nani angeshuku kuna ubaya humo? Lakini Waingereza humsengenya nao mwanamke mtu mzima anayejivika nguo za mabinti. Ukumbi ukanyamaza. Mgeni akakazia macho sahani yake kama vile imeandikwa maelekezo ya dharura.

Mama yule akampandisha Mzee na kumshusha. Nadhani alikuwa ameshauliza mimi niko wapi, akaelezwa. Akatabasamu, akasema polepole, kila neno likisikika: "Thank you. And you, sir, scrub up very well."

Mzee akakenua kwa furaha, akainama kushukuru. Akiwa katikati ya kuinama, tabasamu likaanza kumkauka. Akatazama meza nzima. Meza nzima ikamtazama.

Mara mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mzee huyo, koti mkononi.

"Kijana, sogea. Nasikia kuna sufuria kubwa limebaki."

Nikamkabidhi dodoki.