Mzungu wa Jirani, Bei Yangu

Bodaboda wa kona yetu, kijana niliyemwona akinyonya, leo asubuhi ananitajia buku tatu. Kutoka Isamilo mpaka Mwanza mjini! Nikamuuliza, mafuta yamepanda usiku? "Aa mjomba, si mnaishi na mzungu siku hizi?"

Siishi na mzungu mimi. Kapanga vyumba vya ubavuni, kaja kufundisha Kiingereza shule ya hapo juu, hata vumbi la safari halijamtoka. Baba mwenye nyumba ndiye aliyenitwika: "Wewe msomi, mzungushe mzungushe." Nikavaa shati la harusini, nikatembea mikono nyuma kama mkuu wa wilaya, tukashuka soko la Mwaloni kutafuta samaki.

Mama wa sato akatuona tangu getini. Nawaambia, bei niliiona ikipanda kabla hatujafika. Mama, mimi si mteja wako? "Mteja wangu ukija peke yako." Nikambembeleza kwa Kisukuma, akanijibu Kiswahili cha redioni. Mgeni naye, badala ya kunyamaza, akamwona sangara, akaanza kipindi: eti huyu si wa Ziwa Victoria hili, aliletwa miaka ya 1950 enzi za wakoloni, akawamaliza wenyeji. Nami kihererehere, natafsiri. Mama akamtazama sangara, akamtazama mzungu.

"Kumbe wageni wote wawili. Bei ya wageni."

Soko zima kicheko, mpaka wapara samaki wakaacha visu. Na aliyelipa nani? Mwenzangu ana dola tupu.

Kinyozi naye kapandisha. Muuza vocha ananiita bosi, na mnajua bosi ana maana gani.

Jana mzungu kanigongea alfajiri, ndoo mkononi. Kasoma kuwa ziwa lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, sasa mbona bomba linatoa upepo? Nikamwambia akaulize darasani. Lakini jamani! Ziwa lote lile, ukikaa juu ya jiwe unalitazama kama sinema, na bado madumu yanatupandia mlimani kwa migongo ya wake zetu! Na bili inakuja! Bili ya upepo!

Halafu mwenye nyumba kaanza kupaka rangi geti. Geti lile halijaonja rangi tangu enzi za Mkapa. Mke wangu ananiambia nisiwe na wasiwasi, mzee anajiandaa na Krismasi. Krismasi gani mwezi wa saba?