Ukuta usioonekana kwenye kompyuta

Mhandisi anayechora ghorofa ya Mbeya kwenye ETABS, programu ya kompyuta ya kukokotoa nguvu za majengo, huweka nguzo, bimu na slabu. Ukuta hauchorwi; unageuzwa uzito. Bloku ya inchi 6 iliyopanda mita 3 ni kama kilo 900 kwa kila mita ya bimu, bado lipu. Sakafu hivyo hivyo: saruji ya kusawazishia ya milimita 50 ni takriban kilo 120 kwa mita ya mraba. Tanki la lita 5,000 likijaa ni tani 5. Hapo wahandisi hatugombani.

Tunagombana pale mtu anapotaka ukuta uingie pia kama kitu kinachobana nguzo. Wengi wanamwona anajisumbua. Wana hoja: tofali za kuchoma za tanuru hili si za tanuru lile, na mwenye nyumba anaweza kesho kuvunja ukuta ili aunganishe fremu mbili za duka. Jengo lililoegemea ukuta huo litabaki na nini? Kwa hiyo wanauacha nje, wakiamini wamejiweka upande salama.

Kwamba ukuta usitegemewe kutusaidia, nakubali. Lakini ukuta unaweza pia kudhuru, na ukiuacha nje hutauona ukidhuru.

Hivi karibuni nilisimama kwenye jengo la madarasa lisilokwisha. Ukuta umepanda mita 2, juu yake mita 1 ya madirisha marefu kati ya nguzo na nguzo. Kwenye kompyuta nguzo ile ni ya mita 3. Pale saiti, inayoweza kuyumba ni ile mita 1 ya juu tu. Ugumu wa nguzo hupanda kwa mchemraba wa ufupi wake: 3 mara 3 mara 3, mara 27. Ardhi ikitikisika, nguzo hiyo itavuta nguvu mara 27 ya mwenzake aliye huru kwa mita zote 3, wakiyumba sawa. Na ringi zake, vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo ili nguzo isikatike, kwenye mchoro? Kila sentimita 20, sawa na nguzo nyingine zote. Itakatika kwa mshazari usawa wa dirisha, huku majibu ya programu yakionyesha kila kitu kipo salama.

Mbeya ipo pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na tetemeko la Rukwa la Desemba 13, 1910, lilifikia ukubwa wa takriban 7.4. Hatubuni hatari.

Maghorofa yenye maduka wazi chini na vyumba vilivyojaa kuta juu nayo yana shida yake: myumbo wote hujikusanya kwenye nguzo za chini.

Mimi napiga hesabu mara mbili, ukuta ukiwemo na ukiwa haumo, kisha nafunga nondo kwa jibu baya zaidi. Ni kazi ya nusu siku. Kwenye madarasa yale tulikubaliana na fundi aache pengo la sentimita 2 kati ya ukuta na kila nguzo, alijaze kitu laini, na ukuta ushikwe kwa vipande vya chuma usiangukie watoto.